Bwana Mifugo na Zizi la Kukodi

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, simu yangu ilipoita. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimewasha mashine ya kudurufu dukani kwangu Ngokolo, Shinyanga, na mashine ile huonyesha saa kwenye kioo chake kidogo kila inapoamka. Aliyepiga alikuwa mwenye bucha mmoja wa Rwamgasa, kule machimboni Geita. Alisema ameletewa ng'ombe tisa kwa lori, wana chapa ya mwezi mchanga kwenye paja la kushoto, na mtu anayewauza ana haraka isiyo ya mtu anayeuza mali yake.

Chapa hiyo niliijua. Ilikuwa ya Mama Kulwa, mjane, jirani yangu, ambaye zizi lake nje ya mji lilivunjwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Hakuwa na ng'ombe wengine zaidi ya hao tisa. Lakini kujua kwangu hakukuwa ushahidi. Muuzaji alikuwa na kibali chenye muhuri, na mtendaji wa kijiji alikuwa ametamka: mwenye ng'ombe aonekane kwenye rejista ya mtandaoni ya kikundi chetu cha wafugaji, kwenye simu ya mtendaji mwenyewe, kabla ya saa nane mchana. La sivyo biashara iendelee.

Nikafungua rejista. Badala ya ng'ombe nikakuta mstari mmoja tu: imeshindikana kuunganisha na kanzidata.

Nitarudi kwenye siku hiyo. Kwanza nimweleze mtu aliyefanya tuwe na rejista, maana bila kumjua yeye, yaliyotokea baadaye yataonekana kama bahati.

Sote tulimwita Bwana Mifugo. Ndicho kilichokuwa cheo chake serikalini, na alipostaafu cheo kilibaki naye kama buti zake za mpira. Buti hizo alizivaa mnadani, sokoni na kanisani. Siku ya kanisa alizipaka mafuta ya kupikia ili zing'ae, na siku za joto inzi walimfuata hadi altareni. Mkewe alilalamika miaka mingi, kisha akaanza kukaa benchi la nyuma.

Alikuwa mtu aliyeingia katika mazizi ya madume makali bila fimbo, lakini aliogopa mbwa. Simaanishi mbwa wakali. Aliogopa mbwa wote, pamoja na watoto wa mbwa. Akifika kwenye mji wa mtu na kuona mbwa amelala, alisimama njiani na kuita jina la mwenye mji mpaka mbwa aondolewe. Watu wa vijijini waliona hilo ni jambo la kuchekesha sana na baadhi yao walimficha mbwa nyuma ya ghala ili wamtoe baadaye. Yeye hakuona aibu. "Ng'ombe akitaka kukuumiza anainamisha kichwa kwanza, anakuambia," alisema. "Mbwa anakutikisia mkia huku anakung'ata. Hiyo ni tabia ya binadamu."

Hakunywa maziwa. Alipopewa kibuyu cha mtindi alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akakipitisha kwa aliyekaa jirani. Nilimuuliza sababu. Akasema amekaa sana nyuma ya ng'ombe na anajua mambo mengi mno.

Akifika zizini alisalimia ng'ombe kwanza, kisha watu. Mama Kulwa alimwambia siku moja, "Bwana Mifugo, mimi ni mkubwa kuliko huyo ndama." Akajibu, "Ni kweli mayu, mama yangu, ila yeye hajaniona tangu mwezi uliopita, wewe nimekuona juzi." Kisha akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za mapacha wake, Kulwa na Doto, mmoja baada ya mwingine.

Kwa watu alidanganya kidogo. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu hadithi inoge. Dume aliyempiga teke mwaka fulani alikua kila aliposimuliwa, mpaka mwishowe hakuweza tena kupita kwenye lango la zizi lolote ninalolijua. Lakini mbele ya mnyama mgonjwa hakuwahi kusema neno lisilo sawa. Kama ng'ombe hatapona, alisema hatapona, hata kama mwenye ng'ombe alikuwa analia.

Wazo la rejista lilimjia baada ya kustaafu. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umebadilika. Zamani mwizi aliswaga kwa miguu, na vijana wa sungusungu waliweza kumfuata kwa nyayo. Sasa mwizi ana lori. Ng'ombe anaibwa Shinyanga jioni, asubuhi yuko Geita, ambako wachimbaji wanakula nyama kila siku na hawaulizi imetoka wapi. "Nyama ikishakuwa mchuzi haina chapa," Bwana Mifugo alisema. Alitaka kila mfugaji wa kikundi chetu aandike ng'ombe wake mahali ambapo mwenye bucha yeyote angeweza kuangalia kabla ya kununua: chapa, alama ya sikio, rangi, na picha.

Akaja kwangu. Mimi si msomi wa kompyuta. Nina duka la vifaa vya ofisi, na mambo haya nilijifunza mwenyewe kwa kusoma maelekezo na kukosea. Nilimwambia inawezekana.

"Hizo ng'ombe zitalala wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Yapo makampuni yenye mashine kubwa zisizozimwa. Mtu anakodi sehemu ndogo ndani ya mashine hizo na kulipa kwa mwaka. Katika sehemu hiyo tutaweka vitu viwili: kurasa zinazoonekana na watu, na kanzidata, yaani hazina ya taarifa zenyewe. Ukurasa ukiulizwa swali, unakwenda kuichungulia kanzidata na kurudi na jibu.

"Kwa hiyo ni zizi la kukodi."

"Unaweza kusema hivyo, Mzee."

"Na mwenye zizi unamjua?"

"Simjui. Najua namba ya kulipia."

"Fundi, unampa mtu ng'ombe za kikundi kizima, na hujui hata mkewe anaitwa nani."

Nilimwonyesha jinsi ukurasa unavyoingia kwenye kanzidata. Lazima utaje vitu vinne: mashine ilipo kanzidata, jina la kanzidata, jina la mtumiaji, na neno la siri. Kwa kampuni ile tuliyokodi, kanzidata na kurasa vilikaa kwenye mashine moja, kwa hiyo mahali pa kutaja mashine niliandika localhost, maana yake humu humu ndani. Hilo alilipenda. Nilipojaribu kuifikia kanzidata moja kwa moja kutoka dukani bila kupitia ukurasa, mashine ikanikatalia, maana anwani yangu ya mtandao haikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na kila modemu yangu ilipozimika anwani ilibadilika. Hilo alilipenda zaidi. "Huyo mlinzi ni mzuri," akasema. "Mtu anayebadilisha jina kila umeme ukikatika, mimi pia nisingemfungulia."

Neno la siri alilichagua yeye. Lilikuwa jina la dume mmoja wa zamani. Wiki haikuisha akapita barabarani na baiskeli yake, na bila kushuka akaniita mbele ya wateja na waendesha bodaboda: "Fundi, lile neno letu la siri bado ni la yule dume?" Akalitaja. Nikalibadilisha siku hiyohiyo, na lile jipya sikumwambia. Alijua sikumwambia. Hakuuliza tena.

Tuligombana kwa mambo mawili wakati wa kuijenga. La kwanza ni rangi. Mimi niliandaa orodha ya rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijivu, mchanganyiko. Alipoliona neno mchanganyiko alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanipa majina ya Kisukuma ya rangi za ng'ombe, madoa na mistari, na kila nilipodhani yamekwisha akakumbuka jingine. Yote nikayaingiza. Alikuwa na haki. Mwizi anaweza kukata sikio, lakini hawezi kuhamisha madoa.

La pili ni jumla. Nilikuwa nimeweka chini ya kila jina la mfugaji idadi ya ng'ombe wake. Bwana Mifugo akaniambia niiondoe.

"Ni hesabu tu, Mzee. Kompyuta inajumlisha yenyewe."

"Iambie iache. Mtu akihesabiwa ng'ombe hadharani hatakuja tena. Anayetaka kujua na ahesabu mwenyewe, tumwone akihesabu."

Nikaiondoa. Na katika rejista yote iliyojaa watu wa Ngokolo na vijiji vya jirani, jina moja halikuwepo: la kwake. Watu walijua ana ng'ombe. Wengine walisema wengi, wengine walisema hana hata mmoja, anajifanya. Alipoulizwa alisema, "Za kwangu zinajijua."

Hapa lazima nieleze desturi moja, kwa wasiotoka huku. Mfugaji wa Kisukuma mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi lake. Wengine anawaweka kwa ndugu, wengine kwa rafiki aliye mbali, ili ugonjwa, ukame au wizi ukija usiwakute wote mahali pamoja. Anayewalisha anakunywa maziwa, na mbolea ni yake. Siku mwenyewe akija kuwachukua, hamwachi mtu huyo mikono mitupu. Anampa mtamba mmoja wa shukrani, yaani jike changa ambaye hajazaa.

Bwana Mifugo alitaka rejista iishi hivyohivyo. Kila baada ya mnada alikuja dukani na kunidai nakala. Hakuiita nakala, aliiita ndama. Nilimweleza kwamba kampuni inatunza nakala yetu kila wiki na tunailipa kwa kazi hiyo. "Sawa," akasema, "nipe na mimi ndama wangu." Nikamtilia kwenye flashi, na kila flashi alimpa mtu. Moja ilikaa kwake nyumbani. Ya pili alimpa yule mwenye bucha wa Rwamgasa. Ya tatu ilikwenda kwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku huko Ushetu, mtu niliyewahi kukaa naye dukani siku nzima nikimfundisha kuifungua rejista kwenye kompyuta ya ofisi yake, bila mtandao. Sikujua kwa nini namfundisha karani wa tumbaku mambo ya ng'ombe. Bwana Mifugo alisema nifundishe, nikafundisha. Flashi hizo aliendelea kuzibadilisha kila wasafiri wa kwenda huko walipopatikana. Mimi niliona ni mchezo wa mtu aliyestaafu, na kwa kuwa flashi alinunua mwenyewe, sikumzuia.

Sasa nirudi Jumanne ile.

Nilipiga simu ya kampuni. Haikupatikana. Nikafungua tovuti ya kampuni yenyewe. Nayo haikuwepo. Niliwatafuta wengine waliokodi kwao, nikampata mwenye duka la nguo mjini, naye akasema ya kwake imepotea tangu jana. Bwana Mifugo akafika na baiskeli, shati limefungwa vifungo kombo. Nyuma yake akaja Mama Kulwa, akakaa kwenye benchi la wateja wa kudurufu, mikono mapajani. Nikawasalimia, wakaitika, nikawaambia.

"Zizi lote limehama?" Bwana Mifugo akauliza.

"Na mwenye zizi."

"Na ile nakala ya kila wiki tuliyokuwa tunalipia?"

"Walikuwa wanaitunza wao."

"Wapi?"

"Hukohuko."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyefunga ng'ombe kwa mkia wa ng'ombe mwenyewe. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na nakala moja, lakini ilikuwa ya zamani, kabla Mama Kulwa hajajiunga.

"Basi twende kwa waliotulishia," akasema, akachukua simu yangu na kumpigia mwenye bucha.

"Ile flashi niliyokupa iko wapi?"

"Ipo, Bwana Mifugo. Iko kwenye redio."

"Inafanya nini kwenye redio?"

"Inaimba. Vijana waliona haina nyimbo hata moja, wakaifuta wakaweka kwaya. Nzuri sana, wateja wanaipenda."

Bwana Mifugo akakata simu. Ya nyumbani alikuwa ameisahau kwenye koti, mkewe akalifua koti na kulianika, na flashi ilikauka vizuri ila haikusomeka tena. Hilo alilijua tangu wiki iliyopita na alikuwa anasubiri siku nzuri ya kuniambia. Ikabaki Ushetu.

Nikaweka sauti ya simu wazi ili Mama Kulwa asikie.

"Mwangaluka, Bwana Mifugo," karani akaitika.

"Mwangaluka. Ng'ombe zangu zipo?"

"Zipo. Zimeongezeka."

"Zimeongezekaje?"

"Watu wa huku waliona ninavyofungua kwenye kompyuta, wakataka na wao waandikwe. Nikawaandika. Kila mmoja ananipa hela ya soda."

"Kwa hiyo ulikuwa unakamua."

"Mzee, mtu akikuwekea ng'ombe, maziwa si ya anayelisha?"

"Ni ya anayelisha. Nani kabisha? Angalia chapa ya mwezi mchanga."

Tulisikia vitufe vikibofywa. "Mama Kulwa. Ngokolo. Wapo hapa na picha zao."

Mama Kulwa akafumba macho, akafumbua.

"Mtumie Fundi sasa hivi. Faili lote na hizo picha," Bwana Mifugo akasema.

"Natuma. Ila Bwana Mifugo, unachukua ng'ombe zako leo. Na mtamba?"

Nilitaka kumkatiza, maana muda ulikuwa unakwenda, lakini Mama Kulwa alikuwa amekwisha kuinuka. Akainama juu ya simu. "Karani, mimi ndiye Mama Kulwa. Mtamba utapata. Tuma."

"Shikamoo, mama. Natuma."

Faili lilipofika, kazi ilikuwa kupata zizi jingine. Nilikodi nafasi kwa kampuni nyingine, safari hii ile aliyohamia yule mwenye duka la nguo jana yake, nikalipa kwa simu. Nikaunda kanzidata mpya. Kampuni ikaibatiza, ikaongeza herufi zake mbele ya jina nililotaka, nami nikaziandika kama zilivyo. Nikaunda mtumiaji na neno la siri. Nikamwaga faili la karani ndani. Likaingia lote, ng'ombe wa Ngokolo na wageni wao wa Ushetu. Nikafungua ukurasa. Ukanijibu kwamba mtumiaji huyu haruhusiwi.

"Anakataa nini?" Bwana Mifugo akauliza.

"Nimeunda mtumiaji, nimeunda kanzidata, lakini sijamkabidhi mtumiaji kwa kanzidata. Hawajatambulishwa."

"Umeleta mchungaji na zizi, hujamwonyesha lango."

Nikamkabidhi, nikampa ruhusa. Nikafungua tena. Sasa ukurasa ukakaa kimya muda mrefu, kisha ukasema hauioni kabisa mashine ya kanzidata. Nikayapitia mambo yote manne, herufi kwa herufi. Yalikuwa sahihi. Mwenye bucha akapiga: lori limewashwa, na muuzaji anasema atawapeleka mbele kwa wengine, saa nane si yake. Bwana Mifugo akachukua simu, akaanza kumsimulia mtendaji habari za dume aliyempiga teke. Aliisimulia yote, kwa sauti ya utulivu, bila kuruka sehemu. Sikumwelewa mpaka niliposikia mtendaji anacheka, na mwenye bucha anacheka, na muuzaji mwenyewe nyuma yao akiuliza dume lilikuwa na urefu gani.

Nikasoma barua pepe ya makaribisho ya kampuni kutoka mwanzo, kama nilivyopaswa kufanya tangu awali. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja: kwao kanzidata hukaa kwenye mashine ya peke yake, na jina la mashine hiyo ni hili. Mimi nilikuwa bado nimeandika localhost, humu humu ndani, kwa mazoea ya zizi la zamani. Nikalifuta, nikaandika jina la mashine.

Ukurasa ukafunguka. Mwezi mchanga, ng'ombe tisa, rangi zao kwa Kisukuma.

"Kumbe nyumba hii jiko lake liko ng'ambo ya ua," Bwana Mifugo akasema, akiiziba simu kwa mkono. Kisha akamwambia mtendaji, "Sasa fungua simu yako, Fundi anakutumia anwani mpya, dume nitalimalizia siku nyingine."

Mtendaji alifungua. Tukamsikia akitembea kando ya lori na kusoma kwa sauti: huyu sikio limechanwa, ndiye, huyu doa begani, ndiye, huyu rangi hii mimi siwezi kuitamka, lakini picha ni yeye. Alipofika wa tisa akamwita muuzaji. Muuzaji, ikaonekana, alikuwa amekwenda kununua vocha. Hajarudi mpaka leo, na kibali chake chenye muhuri kilibaki juu ya meza ya bucha.

Mama Kulwa akaomba maji. Akanywa, akasema, "Wabeja, Bwana Mifugo."

"Mshukuru karani," akamjibu. "Mimi nilimpa tu nafasi ya kutukamua."

Jioni, ng'ombe wakiwa njiani kurudi, nilifanya hesabu, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Mwenye bucha alikuwa amewathaminisha ng'ombe wote tisa kwa shilingi milioni sita na laki tatu. Lori la kuwarudisha, ambalo Mama Kulwa alilipa mwenyewe, laki moja na nusu. Mtamba wa karani nilimthaminisha kwa laki nne. Nafasi mpya ya mtandaoni ililipwa na kikundi, sikuihesabu. Nikampelekea Bwana Mifugo karatasi: Mama Kulwa ameokoa milioni tano, laki saba na nusu. Hakuipokea. "Nani kakutuma kuhesabu ng'ombe za watu?" akaniuliza, akaondoka na baiskeli.

Tangu siku hiyo rejista ina ndama sehemu tano, na wa Rwamgasa ana flashi mbili, moja ya kuimba na moja ya kulala. Wafugaji wa Ushetu wamebaki humo. Karani bado anakamua, kwa kiwango tulichokubaliana.

Mwaka jana, asubuhi moja, nilimwona Bwana Mifugo amesimama ng'ambo ya barabara, anaita jina langu. Mbwa wa jirani alikuwa amelala kwenye ngazi ya duka langu. Nikamfukuza, Mzee akavuka polepole. Baiskeli ameiacha sasa, macho yamepungua nguvu. Buti zilikuwa zilezile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Funga mlango nusu."

Nikaufunga nusu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Za kwangu. Wajukuu zangu hawajui ziko wapi, na mimi siku hizi nikisimama karibu na ng'ombe lazima nimguse ndipo nijue ni nani."

Nikafungua rejista. Akanitajia mmoja mmoja, polepole, chapa, sikio, rangi, na zizi alilomo. Walikuwa kila mahali. Sitasema ni wangapi. Nilimwahidi, na rejista haisemi. Alipofika Ushetu akataja jike wa kijivu mwenye doa jeupe tumboni, aliye kwa shemeji yake.

"Amezaa?" nikauliza, kwa kuwa rejista ina nafasi ya hilo.

"Amezaa wanne. Andika watatu. Wa kwanza alikuwa mtamba, ndiye niliyempelekea karani."

Niliacha kuandika. "Mtamba wa karani si alitoka kwa Mama Kulwa? Aliahidi mwenyewe, nilimsikia."

"Aliahidi vizuri. Angetoa mmoja, angebaki na wangapi?"

"Wanane."

"Umeona?" akasema. "Bado unahesabu ng'ombe za watu. Andika watatu, tuendelee."

Nikaandika watatu, tukaendelea. Alipoondoka nilimsindikiza hadi ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya yule mbwa. Kisha nikarudi, nikaitafuta ile karatasi ya hesabu, nikamfuta mtamba. Mama Kulwa aliokoa shilingi milioni sita, laki moja na nusu.